Mkwaju Kati ya Mzazi na Mlezi

Kila fomu niliyojaza tangu darasa la kwanza mpaka nafunga daftari la mwisho la kidato cha nne ilikuwa na mstari uleule: JINA LA MZAZI/MLEZI. Wenzangu walipita hapo bila kutazama. Mimi ule mkwaju wa katikati niliujua vizuri, maana upande wake wa kushoto sikuwa na wa kumwandika. Nikaandika jina la baba mdogo, mwalimu akapokea, mambo yakaisha. Hakuna aliyeuliza nani kamkabidhi bwana huyu mtoto: mahakama, kadhi, au hata balozi wa nyumba kumi.

Ndugu msomaji, usidhani nimekuja kukulilia. Hizi ni kurasa za uhakiki na uhakiki ndio nitakaoufanya, ingawa elimu yangu imeishia hapo nilipopataja na wenye shahada zao watanirekebisha. Ninachodai ni hiki: riwaya zetu za Kiswahili zimejaa walezi, lakini ulezi wenyewe hazijauandika. Mlezi tunampata kila kona, na fimbo yake mkononi au na moyo wake wa huruma. Ulezi ni jambo jingine. Ni kujua nani alimtoa mtoto, nani alimpokea, mali ya mtoto iliwekwa wapi, na siku mtoto akikua, mzee huyu atakaa mbele ya nani atoe hesabu. Hapo waandishi wetu wengi huruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Na mimi nimeruka. Heri nianze na kosa langu kabla sijawagusa wakubwa.

Nina riwaya yangu, kaunta buku mbili zimejaa, ambayo jina lake nalificha kwa kuwa bado nalibadilisha. Ndani yake kuna yatima, na kuna baba yake mdogo, fundi cherehani, anayekula kodi za nyumba ya marehemu huku mtoto akienda shule na viatu vilivyotoboka. Nilimpa jina la Mzee Kulajasho, nikajiona nimebuni kitu! Sasa, baba mdogo wangu ni fundi cherehani. Na marehemu baba aliacha nyumba ya vyumba sita hapa Tanga, Makorora, yenye wapangaji. Sikuwa nimesafiri mbali kutafuta visa.

Siku moja mdogo wangu wa kike, binti yake huyohuyo, akazichukua zile kaunta buku akaanza kumsomea baba yake barazani wakati anapiga pasi suruali ya mteja. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia mzee anacheka pale kwenye vichekesho, nikafurahi. Ilipofika sura ya kodi, kicheko kikakatika. Mtoto akaendelea kusoma, maskini, hajui anasoma nini. Akamaliza sura. Mzee akaniita.

"Hebu njoo, mwandishi."

Nikatoka. "Naam, baba."

"Kwa hiyo mwanangu ulikuwa unataka risiti?"

"Risiti ya nini, baba?"

"Ya ugali."

Akapuliza makaa kwenye pasi, akaendelea na suruali yake. Sikuwa na jibu usiku ule. Nikazichukua kaunta buku zangu nikaziweka chini ya godoro, na kesho yake ndipo nikaanza kurudia vitabu vya watu, nione wao walimjibuje mtu kama yule.

Nilianza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Nani kati yetu hakutaka kuandika kwa sababu ya kitabu kile? Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alituonyesha kwamba kijana wa kawaida anaweza kusimulia maisha yake kwa Kiswahili kilichonyooka na msomaji asilale. Kwetu Tanga tunakipenda zaidi, maana Kongowea Mswahili ni wa hapa, na mamake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarab. Mama anakufa. Kijana anabaki kwa Bi Rahma na mumewe, Mzee Omar, na huko anakiona cha mtema kuni.

Shuleni tungeulizwa, "Jadili ukatili wa Mzee Omar kwa hoja sita," na zingepatikana sita na ya saba ya akiba. Hapo ndipo penye tatizo. Mzee Omar ni mhusika bapa. Yupo ili aumize, na akishaumiza vya kutosha kijana ana ruhusa ya kuondoka, naye anaondoka, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba aliyemzaa. Yaani jibu la mlezi mbaya ni mzazi. Damu ikipatikana, dunia inakaa sawa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne jibu hilo lilinipa raha sana. Lakini yatima ambaye baba yake yuko makaburini hana mpaka wa kuvuka. Ataamka kesho nyumba ileile, na mzee yuleyule, na atasema shikamoo.

Ninayemtamani mimi katika kitabu kile ni Bi Rahma. Yeye ana ujamaa na mtoto. Mumewe ana sauti. Hebu lifikirie hilo. Ni wanawake wangapi mitaani kwetu wanaolea mtoto wa dada yao marehemu katika nyumba ambayo neno la mwisho si lao? Mlezi hapo ni nani? Fomu ya shule ingeandikwa jina la Mzee Omar, na ugali angepika Bi Rahma. Kuna riwaya nzima ndani ya nafasi hiyo, na Siku Njema inapita mlangoni mwake ikiwa na haraka ya safari. Simlaumu mwandishi, aliahidi safari akatupa safari. Nasema tu kwamba sisi tuliomfuata tulichukua fimbo ya Mzee Omar tukamwacha Bi Rahma jikoni.

Nyota ya Rehema ya Mohammed Suleiman Mohamed, ya 1976, nitaitaja upesi, maana huko tatizo ni baba mwenyewe: Fuad, mwenye mashamba, anayemwona bintiye kama aibu. Lakini ina kitu ambacho ningependa kila anayeandika juu ya yatima akisome, nacho ni shamba la Ramwe. Neno la mdomo lilitosha wakati mwenye mdomo yu hai. Alipokufa, neno likakosa miguu. Mohamed alijua kwamba moyo wa mtu unaweza kuvunjwa na kipande cha karatasi ambacho hakikuandikwa, na alilijua hilo kabla yetu.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka 2014 na kusomwa mno na wanafunzi wa sekondari huko Kenya, inakwenda mbali zaidi. Kuna watoto watatu, Umulkheri, Dick na Mwaliko. Mama kaondoka, baba kafa, na mfanyakazi wa ndani anawaiba wale wadogo wawili. Umu anaishia kulelewa na Mwangeka na Apondi, na Mwaliko anakuwa mtoto wa Mwangemi na Neema. Nampongeza mwandishi kwa jambo moja hasa: watu wazima wake wanasita. Kumchukua mtoto wa mtu si kama kununua kuku gulioni, kuna usiku wa mume na mke kutazamana. Kusita huko ni ukweli. Ila mwishoni ndugu watatu wanakutana tena, na bahati inafanya kazi ambayo ingefanywa na barua, faili na miguu ya mtu kwenda ofisini na kurudi. Nilifurahi walipokutana, nakiri, hata macho yaliniuma. Kisha nikajiuliza ni nani aliyekuwa akitembeza faili la watoto hawa muda wote huo.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichoninyima usingizi. Ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyozaliwa Unguja mwenyewe, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Baada ya Gurnah kupewa Nobel mwaka 2021, Ida Hadjivayanis akaitafsiri na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Niliazima nakala kwa siku nne, nikairudisha baada ya kumi.

Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa. Mara kwa mara anakuja mgeni, tajiri Aziz, mtu mpole anayenukia manukato, na kila akiondoka humpa mtoto sarafu ya anna kumi. Mtoto anamwita kwa neno la ujamaa, kama mtu anavyomwita ndugu ya babake. Siku moja anaambiwa apande gari moshi na mgeni huyo. Hakuna anayemwambia sababu. Ni huko dukani alikopelekwa ndipo Khalil, kijana mwenzake wa kazi, anamfumbua macho: yule si ndugu yako, wewe upo hapa kwa kuwa baba yako anadaiwa. Ni rehani.

Nikafunga kitabu hapo nikatoka nje kupunga upepo.

Kilichonitisha ni kwamba Aziz hana fimbo. Hapigi. Hatukani. Anazungumza taratibu kuliko wote. Mzee Omar wa Walibora unamtambua akiwa mbali, hata mbwa wangemtambua, lakini huyu ungempa mwanao na wewe mwenyewe ukambebea mzigo mpaka stesheni. Gurnah ameuona ujanja ambao sisi wenye lugha hii tungeuona wa kwanza: neno la udugu linaweza kutumika kama shuka la kufunikia deni. Mradi mtoto anamwita hivyo, nani atauliza?

Na kuna Amina. Baba yake Khalil alimwokoa mikononi mwa watekaji, akamlea kama binti yake. Mpaka hapo ni kisa cha wema mtupu, ungeweza kukihutubia msikitini. Kisha mzee yule akadaiwa, na binti aliyeokolewa akaenda pamoja na Khalil kulipia deni, na tajiri akamwoa. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Aliyemwokoa ndiye aliyemtoa. Wema wake haukuwa uongo, lakini hakukuwa na mtu wala kitu cha kumzuia siku wema ulipomwishia. Hapo Gurnah ameandika ulezi, siyo mlezi tu.

Nina ugomvi mmoja na Peponi. Mlezi wake ni tajiri. Aziz ana misafara, duka na bustani yenye maji. Akimla mtoto wa watu, tunajua hakuwa na njaa. Baba mdogo wangu ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, na wakati ule alikuwa na watoto wake wanne kabla ya mimi kuongezeka. Huyo naye hayumo.

Kwa nini hayumo? Nadhani lugha yetu yenyewe inatufunga. Mwingereza ana neno moja tu kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo, ami, mjomba. Ndugu wa kiume wa baba ni baba. Jina limeshamaliza kesi kabla haijafunguliwa. Utamwombaje baba karatasi? Utamdaije baba hesabu? Ni tusi. Kwa Waluguru au Wamakonde, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno, na huko pia jina linatosha. Uzuri wa jambo hili naujua, sikulala nje hata siku moja kwa sababu yake. Lakini mwandishi akilichukua jina kama lilivyo, amebakiwa na swali moja tu la kuuliza: je, huyu baba ni mwema au mbaya? Na swali hilo halina riwaya ndani yake, lina mahubiri.

Wakati sheria zetu hazikuwa na aibu hiyo. Mwaka 1963 serikali ilipotangaza sheria za mila kwa maandishi, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mambo ya ulezi yaliwekwa katika tangazo moja na mambo ya urithi na wosia, Tangazo la Serikali namba 436. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Aliyezipanga kurasa zile alijua ugomvi unakotokea. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilimpa mlezi kalamu nzito: binti aliye chini ya miaka kumi na minane alihitaji ridhaa ya baba, baba akiwa amekufa ya mama, na wote wakiwa wamekufa, ya mlezi. Umri wenyewe kwa binti ulikuwa miaka kumi na mitano. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Fikiri basi, kwa karibu miaka hamsini kulikuwa na mlezi aliyekaa mezani na kalamu juu ya ndoa ya yatima wa kike, na sisi waandishi tumempa fimbo tu. Kalamu ile ilitisha zaidi.

Kisha kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo ilipitishwa mwaka mmoja baada ya baba yangu kuzikwa. Inataka maslahi ya mtoto yatazamwe kwanza. Maneno mazuri. Wenzetu wa Kenya walipofuta sheria yao ya 2001 na kuandika mpya mwaka 2022, walibaki na ruhusa ya mzazi kumteua mlezi katika wosia wake. Lakini nani kwetu anaandika wosia? Ukimwambia mtu mzima aandike nani atawalea wanawe, atakutazama kama umemletea sanda.

Lakini sheria iliyonirudisha kwenye riwaya yangu niliisikia madrasa, nikiwa mdogo hata sijui kama inanihusu. Ni katika Surat an-Nisaa, mambo ya mali ya mayatima. Ustadhi alitueleza kwamba msimamizi aliye tajiri ajizuie, na aliye masikini ale kwa kadiri ya wema, na siku mayatima wanapokabidhiwa mali yao wawepo mashahidi. Tuliimba tukaenda kucheza.

Masikini ale kwa kadiri. Jamani! Nimetafuta riwaya ya Kiswahili iliyokaa juu ya hilo neno kadiri, sijaipata. Kadiri ni kiasi gani? Vyumba sita, na tuseme viwili vina wapangaji wanaolipa na viwili wanaokimbia usiku. Ada yangu. Sare. Dawa ya malaria, yangu na ya watoto wake, maana mbu hachagui yatima. Bati lililong'olewa na upepo. Cherehani iliharibika mwaka mmoja na akanunua kifaa chake, kwa fedha ipi? Ile cherehani ndiyo iliyotulisha. Je, hiyo ni kula au ni kulea? Mzee Kulajasho wangu hakuwahi kuwaza lolote kati ya haya. Alikuwa na kazi moja, kuwa mwovu, na aliifanya kwa bidii.

Kuna watakaosema naua fasihi kwa hesabu. Ati msomaji anataka machozi na mapenzi, risiti akazitafute dukani. Nawajibu kwamba machozi ninayoyajua mimi yalitokana na hesabu. Mtoto anayepigwa anajua amedhulumiwa. Mtoto asiyepigwa, anayeshiba, anayesomeshwa mpaka kidato cha nne kisha anaambiwa fedha imeisha, huyo analala akijiuliza kama amedhulumiwa au amesaidiwa, na akimwuliza mlezi anakuwa mkosefu wa shukrani. Akinyamaza anakuwa mwongo. Mimi nilinyamaza miaka mingi, nikaja kusema kwa mafumbo ndani ya kaunta buku, na fumbo lenyewe likawa la kitoto.

Nakumbuka kikao. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ukingo wa mkeka karibu na mlango. Arobaini imekwisha, wazee wamebaki. Kwa utaratibu unaojulikana, kikao cha ukoo huandika muhtasari, mtu huteuliwa, naye huenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa awe msimamizi wa mirathi, na baadaye hutakiwa kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu zake. Yapo yote hayo, hayajafichwa. Sisi tulisema, "Huyu atakaa kwa mdogo wake marehemu," watu wakaitikia, na dua ikasomwa. Halafu wakahamia kwenye masufuria yaliyoazimwa kwa shughuli. Yakahesabiwa moja moja, kwa sauti, na kijana mmoja akaandika kwenye karatasi jina la mwenye kila sufuria. Moja lilipungua, ukazuka ugomvi wa nusu saa.

Sitaki msomaji aone hapo kejeli kwa wazee wangu. Walikuwa na uchungu, na baba mdogo alikuwa analia. Alinichukua mkono akanipeleka kwake jioni ileile. Kama kuna mtu angemwambia, "Subiri kwanza, tuandikishane," pengine angeona anatuhumiwa wizi juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Ndiyo sababu nasema mwandishi anayemfanya mlezi kuwa shetani anajirahisishia kazi. Mtu yule hakupewa mtoto na mali akiwa mwizi. Alipewa bila kipimo. Miaka ikaenda, na kadiri ya wema ikawa ni ile anayoijua yeye na Mungu wake.

Kwa hiyo naandika upya. Kulajasho amepoteza jina, sasa anaitwa baba mdogo tu. Sura ya kwanza nimeiweka kwenye kikao, na nimempa mtu mmoja kalamu. Nilimpa kwanza shehe, ikawa hotuba. Nikampa mjomba kutoka Korogwe, ikawa ugomvi wa koo mbili na hadithi ikanitoka mikononi. Sasa nimempa shangazi, ambaye siku ile ya kweli alikuwa jikoni na hakuna aliyemwuliza neno. Anaingia kuchukua masufuria, anaikuta karatasi, anaigeuza upande wa pili ulio mweupe. Anataka kujua vyumba vyenye watu ni vingapi.

Nilikwama hapo, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua. Juzi usiku nikatoka barazani. Mzee alikuwa anakata kitambaa cha kanzu.

"Baba, mwaka ule anafariki marehemu, wapangaji walikuwa wangapi?"

Alinitazama kwa muda. Nikadhani atauliza tena habari ya ugali. Akaweka mkasi chini, akafungua vidole vya mkono wa kushoto.

"Chumba cha mbele alikuwa yule wa bandarini," akasema. "Huyo alikuwa analipa. Cha pili..."